Leseni Mbili: Sahihi ya Kobe

SEHEMU YA SABA

Mmeniandikia wiki nzima. Wengine kwa upole, wengine kwa maneno ambayo mhariri amekataa kunisomea. "Kwa nini ulikatiza pale?" Nilikatiza pale kwa sababu nafasi yangu iliishia pale, na mhariri wangu ana mkasi mkali kuliko wa fundi yeyote mtakayekutana naye humu ndani.

Haya. Chaki bado yuko kwenye ile meza ndefu, ghorofa ya sita, ncha ya kalamu imeshagusa karatasi, na simu imetetemeka mfukoni. Amekaa hivyo siku saba. Mkono umemfa ganzi.

Aliyetukuta njiani leo naye tumpe kiti. Chaki ni mtunza kompyuta wa idara ya maji, na jina hilo lilimganda tangu utotoni kwa kuchora kila ukuta uliokuwa mbele yake. Baada ya saa za kazi ameandika programu inayoitwa Mkato. Fundi wa kushona anaipa vipimo na upana wa kitambaa, nayo inampangia pateni zake zote, mgongo, kifua, mikono na kola, zikae kwa kubanana hata mabaki yasitoshe kufutia miwani.

Mkato ni ya bure. Mistari yote ya maandishi yanayoiendesha iko wazi mtandaoni, yeyote aisome, aitumie, aibadilishe. Sharti ni moja tu: ukiibadilisha ukawapa watu, na wewe uyaweke wazi mabadiliko yako. Hiyo ndiyo leseni ya kwanza.

Sasa kampuni inayotengeneza mashine za kukatia nguo inataka kuiingiza Mkato ndani ya mashine zake bila kumfungulia mtu chochote. Kwa hiyo inaomba leseni ya pili, ya kulipia, isiyo na lile sharti. Nyumba ni ileile, milango miwili. Anayekubali kushiriki anapita bure, asiyetaka kushiriki anapita kwa malipo.

Tatizo ni kwamba nyumba hiyo Chaki hakuijenga peke yake. Watu thelathini na wanne wameongeza mistari yao humo, kila mmoja akiwa kwake, kwa hiari. Ukurasa wa tisa wa mkataba unamtaka Chaki athibitishe kwamba wote wamekubali. Thelathini na watatu walishabonyeza Sawa. Wa thelathini na nne, anayejiita Kobe, hakujibu kwa miezi mitatu. Hajulikani sura wala makazi. Anajulikana kwa kazi yake tu: hutuma mstari mmoja wakati wenzake wametuma kumi, lakini wake ukifika, umefika.

"Huyo keshajifia," mume wa Chaki alimwambia. "Andika wote wamekubali, mke wangu, nani atakuuliza?"

Na Chaki alikuwa anaandika hivyo hasa. Asubuhi ile, kabla ya kupanda ghorofani, alikuwa amepitia idara ya maji akaacha barua ya kuacha kazi. Hakumwambia mtu, hata mumewe. Ndipo simu ikatetemeka, na ujumbe ukasema: "Usitie sahihi. Niko mlangoni. Kobe."

Chaki akaiweka kalamu chini kana kwamba imemuunguza.

"Kuna tatizo, dada?" aliuliza Meneja, mwanamke wa sauti laini aliyeweza kukutishia ukadhani anakubembeleza. "Tangu tulipoiona Mkato miezi minne iliyopita hatulali kwa kuipenda. Leo saa kumi wakurugenzi wanafunga faili. Tusiwacheleweshe."

"Kobe yuko mlangoni."

Mwanasheria wa kampuni, kijana aliyebanwa na koti la kijivu mpaka vifungo vilikuwa vinaomba msaada, akaenda kufungua. Chaki akasimama. Akarekebisha nywele. Miaka miwili amefanya kazi na mtu huyu bila kumwona.

Mlango ukafunguka, akaingia mama mkwe wake.

Alikuwa na futi ya kupimia shingoni kama siku zote, mkoba mkubwa begani na viatu mkononi, maana lifti ilikuwa mbovu na ngazi zilikuwa nyingi.

"Mama!" Chaki alitamani sakafu immeze. "Umefuata nini huku? Watoto wazima?"

"Watoto wako shule. Kwani mpaka wagonjwe ndiyo nitembee?"

"Mama," alisema Meneja kwa ukarimu, "chai weka pale dirishani."

"Chai ipi, mwanangu?"

Chaki akamshika mkono mama mkwe wake, akamvuta pembeni. "Nakuomba unisubiri nje kidogo tu. Namngoja mtu muhimu sana."

"Nani huyo?"

"Humjui. Anaitwa Kobe."

"Umuhimu wake ni wa kiasi gani?"

"Leo hakuna wa kumzidi, mama."

"Asante," alisema mama mkwe. Akavuta kiti, akaketi, akavaa viatu. Kisha akatoa simu kwenye mkoba na kubonyeza kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu anayechoma sindano mahali asipopaona vizuri.

Simu ya Chaki ikatetemeka. Ujumbe mpya: "Hujaniamkia. Kobe."

Chaki akausoma. Akamtazama mama mkwe. Akausoma tena.

"Shikamoo, mama," alisema, na sauti ilimtoka kama ya mtoto aliyevunja sahani.

"Marahaba."

Mnaosema mlijua tangu sehemu ya tatu, hamkujua. Barua zenu ninazo. Nusu yenu mlimtaja mume, na mmoja alinitaja mimi.

"Ngoja kwanza," alisema Mwanasheria. "Simu huazimwa. Ujumbe si ushahidi. Tutajuaje kwamba mama huyu ndiye aliyeandika mistari ya Kobe?"

"Muulize mkwe wangu aliniandikia nini mara ya kwanza nilipotuma kazi."

Chaki akafumba macho.

"Aliniandikia, 'Rudia.' Mara ya pili, 'Rudia, na safari hii tumia akili.' Mara ya nne akaniuliza, 'Nani alikufundisha kukata nguo?'" Mama mkwe akamgeukia Mwanasheria. "Nilikuwa mkataji mkuu kiwandani miaka thelathini na mmoja, mwanangu. Wakataji wa mji huu nusu nimewafundisha mimi."

"Mama, mimi sikujua..."

"Na ile alama ya kwapa, umeisahau?"

Chaki hakuwa ameisahau. Mkataji akikata kipande huweka kikato kidogo pembeni, kama punje ya mchele, ili mshonaji ajue pa kukutanishia mkono na mwili. Mwaka juzi mistari ya Kobe iliweka kikato kimoja mahali pake, na cha pili vidole vitatu chini yake, kisichokutana na kitu chochote duniani. Kosa hilo lilikaa ndani ya Mkato miezi mitatu kabla Chaki hajaligundua.

"Uliniandikia, 'Alama hii ya pili inamtafuta nani?'" alisema mama mkwe. "Nilicheka siku nzima. Nikaifuta palepale."

Mwanasheria akaandika kitu kwenye daftari lake. Alikuwa ameridhika.

Chaki hakuwa ameridhika hata kidogo. Mwanamke huyu wamekula naye meza moja miaka tisa. Wamegombana kwa ajili ya chumvi, kwa ajili ya mapazia, kwa ajili ya namna ya kumbeba mtoto. Jioni yeye huingia chumbani na kompyuta yake, mama mkwe huingia chumbani na ile kompyuta kuukuu aliyopewa na mwanawe "ya kuangalia picha za wajukuu." Kumbe muda wote ule walikuwa wanaongea.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ningekuambia ungenikatalia kazi?"

"Nisingethubutu."

"Ndiyo hivyo. Mama mkwe hakataliwi, anavumiliwa. Nilistaafu, watu wakaanza kunisifia kila nikifanyacho, hata chai niliyounguza. Nilitaka mtu wa kuniambia rudia."

Chaki akageuza uso. Machozi yalikuwa karibu, na hakutaka Meneja ayaone.

Lakini Meneja hakuwa mtu wa machozi. Alikuwa ameshatoa fomu. "Mama yangu, basi mambo yamekuwa mepesi. Ni familia moja. Tia sahihi hapa, mkweo atie pale, tupige picha ya pamoja."

"Mimi nimekuja kukataa," alisema mama mkwe.

Meneja akaishusha fomu.

"Mama, nisikilize," alisema Chaki. "Hakuna anayepoteza. Mkato ya bure inabaki palepale, mafundi wote wataendelea nayo. Hawa hawataki kushiriki, basi walipe. Malipo hayo yanaipa Mkato mtu wa kuitunza mchana, akiwa na akili zake zote. Sasa hivi naitunza nikiwa nimechoka. Makosa yanalala humo wiki nzima. Ubaya uko wapi?"

"Hapo hakuna ubaya. Asiyechangia kwa mikono achangie kwa mfuko. Hata mimi nasema ni haki."

Meneja akapiga makofi. "Basi tumeelewana!"

"Sijamaliza. Mimi mistari yangu niliitoa kwa sharti, kwamba atakayeongeza kitu na yeye afungue. Sharti hilo ndilo lililonitoa kitandani na goti langu bovu, nikajifunza kompyuta. Leo mnauza ruhusa ya kuliruka. Uzeni, sina ugomvi. Lakini mkiuza kilicho changu, niulizwe."

"Nimekuuliza miezi mitatu!"

"Soma ulivyoniuliza. Kwa sauti."

Chaki hakuhitaji kusoma. Aliijua barua ile kwa moyo. "'Habari wapendwa. Tunabadilisha leseni kidogo. Tafadhali bonyeza Sawa.'"

"Kidogo," alirudia mama mkwe. "Hapo pametajwa kampuni? Pametajwa kuuza? Wale thelathini na watatu waliobonyeza, walisema sawa kwa kitu gani?"

Mimi Chaki nampenda, nimemtunga mwenyewe, lakini hapa sitamtetea. Barua ile aliiandika wakati wa mapumziko, amesimama, na aliifanya fupi makusudi. Alijua akieleza sana ataulizwa sana. Alikosea, na wakati anakosea alijua.

Meneja akaona upepo unageuka, akawahi. "Kwa nini tuumize vichwa? Tuiondoe mistari ya mama, tuendelee na iliyobaki. Ni mingapi?"

"Mia mbili na kumi na mmoja," mkwe na mama mkwe walijibu kwa pamoja.

"Mashine iko chumba cha pili. Ondoa sasa hivi, tukate mashati matano, tuone. Ikifanya kazi, unatia sahihi na kila mtu anakwenda zake."

Chaki akamtazama mama mkwe. Akaikumbuka barua aliyoiacha idara ya maji. Mkuu wake atakuwa ameshaifungua.

"Ondoa," alisema mama mkwe. "Ni haki yako. Sitanuna."

"Kweli, mama?"

"Nimewahi kukuambia sitanuna halafu nikanuna?"

Chaki akanyamaza kwa heshima.

Chumba cha pili kilikuwa na mashine moja tu, ndefu kama meza ya kulia chakula ya watu ishirini, ikimetameta. Kitambaa kilishatandazwa, maua upande mmoja, upande wa pili mweupe. Chaki akafungua kompyuta, akaitoa mistari ya Kobe, akaunganisha waya. Kisu kikaanza kukimbia. Kilikimbia kwa dakika nne. Mashine ikalia mara moja, ikatulia.

"Tazameni!" Meneja akaokota vipande. "Mgongo safi. Kifua safi. Kola, safi." Akachukua mkono mmoja wa shati akamwekea Mwanasheria kwenye bega la kushoto. Ulikaa kama umezaliwa pale. Akachukua wa pili akamwekea la kulia.

Haukukaa. Mviringo wa bega ulikuwa nyuma badala ya mbele. Akaugeuza, maua yakaingia ndani, weupe ukatoka nje. Akachukua mwingine. Akachukua mwingine tena.

Mama mkwe alikuwa anafuta miwani yake.

"Yote ni ya kushoto," alisema Chaki polepole. "Mikono yote kumi."

Mistari ya Kobe ndiyo iliyokuwa inaigeuza pateni ya mkono kabla ya kukata wa pili. Kukata mikono miwili ya upande mmoja ni kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza, na kila fundi amelifanya mara moja akalia. Mashine yenye bei ya nyumba ilikuwa imelifanya mara tano kwa dakika nne.

"Pengine mteja akizoea," alisema Mwanasheria, ambaye kazi yake ilikuwa kutetea. Akaushika ule mkono wa pili begani, akainua kiwiko juu aonyeshe kwamba inawezekana.

Kraaa!

Lilikuwa koti lake. Limeachia kwapani, kuanzia mshono wa mkono hadi katikati ya mbavu.

"Vua, mwanangu," alisema mama mkwe. "Nina sindano."

"Hapana, mama, usijisumbue. Koti hili..." Akaona haya. "Nilizawadiwa na kampuni siku ya kuzindua mashine hii, mwaka juzi. Ndilo koti la kwanza kabisa ililolikata."

"Halina akiba," mama mkwe alisema akilipokea. "Fundi anayekujali anaacha vidole viwili vya kitambaa ndani ya mshono. Ukinenepa, anaachia. Hawa wamekupimia pumzi."

Wakarudi kwenye meza ndefu. Mama mkwe akahamisha kiti chake dirishani penye mwanga, akaligeuza koti nje ndani mapajani. Meneja alikuwa anaongea kwa simu kwenye korido, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa laini.

Chaki akachuchumaa karibu na kiti cha mama mkwe. Alitaka kusema jambo moja, likaanza kutoka lingine.

"Nimeacha kazi, mama."

Sindano ikasimama. "Lini?"

"Leo asubuhi. Niliacha barua. Nilidhani mpaka saa hizi nitakuwa nimeshatia sahihi. Mwanao hajui."

Mama mkwe hakusema "nilijua utafanya hivyo." Hakutikisa kichwa. Alimwekea mkono kichwani, kitu ambacho kwa miaka tisa hakuwahi kukifanya, na mkono ule ulikuwa mzito na wa joto. Chaki akalia. Sasa hakujali nani anamwona.

"Mimi sikuja kukuharibia," alisema mama mkwe. "Ungetia sahihi ile, mmoja wa wale angeamka siku moja akasema nilidanganywa. Wangekufuata kwa jina lako, si kwa jina la kampuni. Jina lako ndilo ninalotumia kuwatambia wenzangu."

"Sasa nifanye nini?"

"Rudia," alisema mama mkwe. "Na safari hii tumia akili."

Wakacheka, wote wawili, mpaka Mwanasheria akaangalia kwa wivu. Kisha Chaki akavuta kompyuta akaandika barua upya, mama mkwe akimwelekeza huku anatunga uzi. Safari hii ilieleza kila kitu. Kuna kampuni, inataka kulipa ili isifungue mabadiliko yake. Mkato ya bure itabaki nzima, na kila kitakachorekebishwa mlango wa kulipia kitarekebishwa mlango wa bure, siku hiyohiyo. Anayekubali aseme. Asiyekubali aseme pia, mistari yake itatolewa kwa shukrani na jina lake halitasemwa vibaya. Anayetaka kuuliza aulize.

Akaituma. Majibu yakaanza kudondoka. "Sawa, na asante kwa kueleza." "Sawa." "Ile barua ya kwanza ilinitia shaka, nikabonyeza tu. Sasa sawa." Mmoja akakataa, mistari yake minane. Mmoja akauliza maswali kumi na mawili, na Chaki akayajibu yote, na katikati ya jibu la tisa akajikuta amepumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Saa tisa na nusu Meneja akarudi. Sauti ilikuwa laini tena, laini kupita kiasi.

"Nimeongea na wakurugenzi. Tumekubali."

"Mmekubali nini?" aliuliza Chaki.

"Kila kitu. Barua yenu, sawa. Marekebisho kwenda pande zote mbili, sawa. Anayekataa aondolewe, sawa. Mkataba utaanza kazi wote wakishajibu. Mama na wewe mnaheshimiwa kabisa." Akatelezesha karatasi mpya mezani, moto moto kutoka kwenye mashine ya kuchapa. "Tumeongeza kipengele kimoja tu, kidogo, ukurasa wa mwisho. Ni cha kawaida."

Chaki akasoma. Kipengele kilisema kwamba hakuna upande utakaodai lolote kuhusu matumizi yoyote ya Mkato yaliyofanyika kabla ya siku ya leo.

"Matumizi gani kabla ya leo?" aliuliza.

"Majaribio, dada. Tuliichezea kidogo kabla ya kukuita. Wanasheria ndio wanaopenda kuandika andika." Meneja akacheka. Mwanasheria, akiwa na shati tu, hakucheka. Alikuwa anatazama dirishani, kwenye koti lake.

Chaki hakuliona hilo. Aliona kazi ya mchana, mezani, akiwa na akili zake zote. Aliona Mkato inakua. Alishinda, jamani, kwa haki na bila kumdanganya mtu, na mama mkwe wake akiwa chumba kimoja naye. Akachukua kalamu. Ncha ikagusa karatasi.

Simu ikatetemeka mfukoni.

Akageuka dirishani. Mama mkwe alikuwa ameinamia koti, kidole gumba kimekaa ndani ya mshono wa kwapa, vidole vitatu chini ya mahali mkono unapokutana na mwili. Mkono wake mwingine ulikuwa unairudisha simu mkobani. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekutana na mwanawe mahali asipomtuma.

Chaki akatoa simu, akasoma.

"Usitie sahihi. Koti hili lina alama mbili. Kobe."

Akausoma mara moja tu. Alama ya pili, ile isiyomtafuta mtu. Miezi mitatu ya mwaka juzi, ndani ya Mkato, na mahali pengine popote duniani haipo. Na koti la kwanza la mashine hii lilikatwa mwaka juzi, na kampuni haijafungua mstari hata mmoja.

Akafunika kalamu taratibu.

"Meneja," alisema, "ulisema mliiona Mkato lini?"

"Miezi minne iliyopita, dada. Kwa nini?"

"Basi niambie, koti la huyu kijana mlilikata kwa programu ya nani?"

Meneja akaivuta karatasi upande wake wa meza. Mwanasheria alikuwa ameshasimama, ameshavuka chumba kwa hatua mbili, mkono mbele, anataka koti lake, sasa hivi, halihitaji kushonwa, asante sana mama.

Mama mkwe alilikunja koti mara mbili, akaliweka kwenye kiti, akalikalia.

"Subiri, mwanangu," alisema. "Bado sijakata uzi."